Naomba ushauri: kumpeleka mama hoteli ya mapumziko juu ya jabali, Kizimkazi

NyotaYaKibosho:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo nimekwama.

Mama yetu amechoka. Baba alifariki mwaka jana na tangu hapo mama hajapumzika: matanga, mirathi, kihamba (shamba la ukoo), ndugu wanaingia na kutoka. Usingizi hana. Mimi na dada yangu aliyeko Muscat tumepanga tumpeleke Unguja, Kizimkazi, kuna hoteli imejengwa juu ya jabali, chini yake bahari tupu. Si hoteli ya muziki na pombe. Ni ya utulivu: alfajiri yoga na kupumua, mchana kukandwa, jioni chumba cha mvuke, na siku tatu za katikati mgeni anakunywa juisi na supu ya mboga tu ili mwili ujisafishe.

Tunataka kwenda mwezi wa sita. Boti au ndege? Mama hajawahi kupanda boti. Na anaogopa kimo, sasa sijui hizo ngazi za kushukia ufukweni zikoje. Halafu wametutumia fomu ndefu ya afya. Hivi ni lazima kujaza yote au ni utaratibu tu wa ofisi?

MtuWaGati:
Boti, dada. Kutoka Dar ni kama saa mbili. Mwezi wa sita kusi imeshaanza, ila kwenda Unguja upepo unakusukuma mgongoni, hamtapata shida sana. Shughuli ni kurudi, mnakata mawimbi usoni. Mkalishe katikati, upande wa nyuma, siti za chini, na asipande na tumbo tupu wala tumbo lililojaa pilau. Mimi kwenye fungate yangu niliipuuza kanuni hiyo. Mke wangu alikuwa amevaa kanga mpya kutoka kwa mama mkwe. Hadi leo hiyo kanga haijulikani ilipo na mimi siulizi.

BabaWawili:
Samahani kwa kusema ukweli. Hela ya hoteli hiyo ingemnunulia mama ng'ombe wa maziwa wa maana, au mngemvutia maji hadi jikoni. Mama wa Kibosho unampeleka akajikunje kwenye mkeka na Wazungu, kwa faida gani? Wazazi wetu wanapumzika wakiona watoto wamekaa vizuri, basi.

DadaWaPangani:
@BabaWawili, ng'ombe naye anamwamsha saa kumi na moja alfajiri akakate majani. Huo ndio mpumziko? Mama yangu tulikuwa kila mwaka tunasema mwakani tutampeleka mahali. Tumemzika hajawahi kulala nje ya nyumba yake isipokuwa hospitali. Mleta uzi, mpeleke. Usisikilize mtu.

BiAsumini:
Karibuni kwetu. Mwanangu, huyo mama akifika waambie wamsinge kwa singo, wasimpake mafuta ya chupa yaliyotoka mbali. Singo ya kwetu ina asumini, mawaridi, rihani, mpachori na karafuu, vyote vinapondwa pamoja, na liwa, ule mti wa kunukia, inasuguliwa juu ya msio kwa maji ya mawaridi. Msio ni kipande cha jiwe la matumbawe. Bibi yangu alikuwa somo, yaani mwanamke anayemfunda biharusi, na biharusi wengi wa Mkunazini wamepita mikononi mwake, na msio wake ulikuwa umelika katikati ukafanya kishimo ambacho kidole gumba chake tu ndicho kilichokijaa. Siku ya saba biharusi akitoka pale ngozi inateleza na usingizi amelala hadi kashiba. Hizo hoteli sasa wanaiuza kwa dola, na waliokuwa wakiifanya bure barazani ndio wameajiriwa humo. Mimi sina neno nao, riziki ni riziki. Lakini muulizeni anayesinga amefundishwa na nani.

NesiZamuYaUsiku:
Dada, boti na singo nimesoma, nimefurahi. Mimi nimesimama kwenye hiyo fomu. Kwa nini unauliza kama ni lazima kuijaza yote? Ni swali gani hutaki kulijibu?

NyotaYaKibosho:
Hakuna cha ajabu. Ni ndefu tu. Mama ana umri wa miaka 63, ana presha kidogo kama watu wazima wote. @BiAsumini asante sana, hilo la singo nitamwambia, atafurahi. @MtuWaGati nimeelewa.

NesiZamuYaUsiku:
Mtu mwenye presha kidogo anaandika "presha kidogo" na kugeuza ukurasa. Anatumia dawa gani?

MtuWaGati:
Nesi kashika usukani.

NyotaYaKibosho:
Sawa. Mama ana sukari. Anachoma insulini asubuhi na jioni, ile ya mchanganyiko.

Kabla hamjanishambulia naomba mnisikilize. Mama mwenyewe ndiye aliyechoka sindano. Tumbo na mapaja vimejaa vivimbe. Kuna jirani yetu wa Moshi alifanya mpango wa juisi na mboga, sasa hata vidonge hamezi, na mama anamwona kila Jumapili kanisani. Tulichopanga ni asichome kwa siku zile tatu tu, kwa kuwa chakula hakutakuwa nacho sukari itapanda kutoka wapi? Akirudi tunapima. Na dada ameshalipa, bei ya mkazi lakini bado ni hela nyingi, na nusu hairudishwi. Watu wa hoteli ni wataalamu, wana mtu wa lishe pale pale.

NesiZamuYaUsiku:
Sikushambulii. Nakuomba usome polepole.

Sukari haitoki kwenye sahani peke yake, ini nalo linaitengeneza usiku na mchana hata mtu akiwa amefunga. Anayehitaji insulini ukiiondoa kabisa, sukari inapanda bila kula chochote. Kiu, mkojo mwingi, kutapika, kupumua kwa kasi, halafu anapoteza fahamu. Tumepokea wa namna hiyo waliotoka kwenye maombi ya kufunga, wametoka kwa waganga, wametoka kwa wauza majani.

Na upande wa pili ni hatari vilevile: akichoma dozi yake ya kawaida halafu jioni akanywa supu ya mchicha, sukari itashuka usiku. Jasho jingi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuongea ovyo. Amelala peke yake, nani atajua? Hapo hapo unamwingiza kwenye mvuke. Joto linafanya insulini iliyochomwa iingie mwilini haraka zaidi.

Juisi nayo, kama ni nanasi na embe iliyochujwa, hiyo ni sukari ya kunywa. Jirani yako yawezekana alikuwa wa vidonge na alipungua uzito, wapo ambao daktari huwapunguzia dawa hadi kuziacha. Mama yako si yeye.

UstadhMpole:
Hata Ramadhani, ambayo ni nguzo, mgonjwa amepewa ruhusa asifunge, ipo wazi katika Suratul Baqara. Na wanaotaka kufunga huwaona madaktari mapema wakapangiwa dozi upya. Sasa kufunga kwa ajili ya hoteli, dada yangu, kuna ulazima gani?

BabaWawili:
Nilisema ng'ombe.

MchunguziHuru:
Ngojeni kwanza. Mnahurumia nini hapa? Mimi nimekaa Unguja nikifanya kazi za barabara. Kile kisiwa sehemu yake ya juu kabisa ni Masingini, mita 120 hivi, na kutoka hapo kusini yote ni bapa, unaendesha hadi Kizimkazi bila kubadili gia. Jabali la kujenga hoteli limetoka wapi? Akaunti mpya, uzi wa kwanza. Baba kafariki, mama mgonjwa, dada Muscat, na katikati yake maelezo mazuri ya yoga alfajiri na bahari tupu. Hii ni chai, tena ya maziwa. Au ni tangazo la hoteli, kesho jina litatajwa.

Kijana_wa_Tegeta:
Na mimi nilihisi! Mtu aliyekwama haandiki vizuri hivyo.

DadaWaPangani:
Kwa hiyo mwenye shida akoroge mwandiko ndipo aaminike?

MchunguziHuru:
Ataje jina la hoteli tuone.

NyotaYaKibosho:
Sitaji. Hawajanikosea kitu, na mkishalijua mtaanza kuwapigia simu. Mimi Unguja sijafika, jabali nimeliona kwenye picha zao na ndivyo wanavyoliita wenyewe.

MkaziWaKusini:
Mimi ni wa Kizimkazi Mkunguni, naomba nimjibu huyu wa barabara. Ulipita barabarani, pwani hukushuka. Huku kwetu ni uwanda, ardhi yote ni mawe ya matumbawe ya kale, zamani ilikuwa chini ya bahari. Ndiyo, juu ni bapa. Lakini ukifika mwisho ardhi inakatika ghafla, mwamba umesimama, na chini mawimbi yameula hadi umeingia ndani, juu umebaki kama ukingo unaoning'inia. Si genge la Usambara, ni mita chache, ila ukisimama pembeni na maji yamejaa magoti yanalegea. Wakati wa bamvua maji yanapanda na kushuka karibu mita nne. Yakijaa ufukwe hakuna, yakipwa mchanga unatokea na ndipo ngazi zina maana. Hoteli za juu ya mwamba zipo, huku na hata upande wa Michamvi.

Dada, hilo ndilo la kumwambia mama: ngazi zinalowa na zinaota ukungu wa kijani. Na mawe yetu yanakata. Mtu akianguka hapa hachubuki, anachanika.

MchunguziHuru:
Sawa, jabali nakubali. Mengine bado. Nyota, umesema fomu ni ndefu. Haya, ina nini hiyo fomu?

NyotaYaKibosho:
Iko mbele yangu. Ukurasa wa kwanza jina, umri, mzio wa vyakula, kama umewahi kufanyiwa upasuaji. Wa pili juu wameandika: "Taja dawa zote unazotumia, kiasi, na saa." Kuna jedwali la mistari minane. Chini yake wameuliza kama mgeni atafuata mpango wa juisi, na kama anatumia dawa ya sukari au ya moyo, basi kuna mstari wa saini ya daktari wake na mhuri.

Hapo ndipo pamenikwamisha. Daktari wa kliniki ya mama hatasaini. Namfahamu.

NesiZamuYaUsiku:
Asante kwa kuliandika. Basi hoteli wamefanya wajibu wao, wameuliza swali lenyewe kabisa. Ukiuacha huo mstari wazi, au ukaandika "presha kidogo", mtu wao wa lishe atampangia mama yako juisi akiamini ni mzima. Likitokea lolote usiku, wa kwanza kumkuta hatajua kama ni wa kumpa sukari au la. Na huko kusini, hospitali kubwa ya Mnazi Mmoja iko mjini, ni mwendo wa saa nzima na zaidi.

MkaziWaKusini:
Makunduchi kuna hospitali, ni karibu zaidi. Lakini nesi amesema kweli, usiku gari la kukuwahisha nalo ni la kutafuta.

MzaramoLondon:
Kidogo nje ya mada: sisi wa pasi za nje tangu Oktoba 2024 tunalipa bima ya dola 44 kuingia Zanzibar. Dada wa Muscat kama naye anakuja na ana pasi ya nje aikumbuke mapema, asije akakwama uwanjani.

NyotaYaKibosho:
Wakuu, nimewaandikia hoteli kila kitu, insulini, dozi, saa. Wamejibu leo. Bila saini mpango wa juisi hawampi. Wamesema anaweza kukaa siku zilezile, milo mitatu kwa saa zake, kukandwa na singo bila mvuke, na yoga ya kiti. Bei haibadiliki.

Dada yuko radhi. Shida ni mama. Nimemwambia, amenyamaza, halafu akasema kama ni kula na kulala anaweza kula na kulala kwake. Yeye hiyo safari alikuwa anaihesabu kwa sababu ya sindano. Alidhani atarudi bila sindano. Sasa namwambia nini?

DadaWaPangani:
Mwache kwanza alie, usimwahi na maneno.

BiAsumini:
Mpe simu niongee naye. Mimi nachoma mwaka wa ngapi sijui, na jana nimecheza kidumbaki kwenye harusi ya mjukuu.

NesiZamuYaUsiku:
Hivyo vivimbe ulivyovitaja ndivyo vya kushughulikia. Mara nyingi vinatokana na kuchoma mahali pamoja kila siku, na insulini ikichomwa juu ya kivimbe haifanyi kazi sawasawa, ndiyo maana dozi zinaongezwa. Nendeni kliniki kabla ya safari, wote wawili. Aonyeshe tumbo lake, aulize kuhusu kubadilisha sehemu, kuhusu sindano fupi zaidi, na kama dozi yake inaweza kupangwa upya. Amwambie daktari kwa mdomo wake kwamba amechoka. Wengi hawasemi. Dozi ipangwe na daktari huyo, si jirani wa kanisani, na si mimi wa humu.

Hotelini abebe kipimo chake, na kitu cha sukari mfukoni hata akienda kukandwa. Mwambie anayemkanda asikande alipochoma. Na asitembee peku ufukweni, kama nyayo zina ganzi atachomwa na mchanga wa saa saba au akanyage vile viumbe vya miiba asijue hadi jioni.

NyotaYaKibosho:
Nyayo zina ganzi, ndiyo. Hilo sikuliandika. Nesi, insulini kwenye boti naiwekaje?

MtuWaGati:
Hilo nalijua hata mimi, mama mkwe ni wa hivyo hivyo. Usiiweke kwenye begi la mizigo, mizigo inakaa juani gatini muda mrefu. Shika mkononi, kwenye chupa ya chai yenye maji baridi, kichupa cha insulini umekizungushia kitambaa ndani ya mfuko. Barafu isiiguse, insulini ikiganda imeharibika. Na panda boti ya asubuhi, mfike Kizimkazi kabla ya mlo wake wa mchana.

BiAsumini:
Namba nimekutumia faraghani, mwanangu. Mwambie mama nangojea.