Mkutano wa kugeuza mashamba kuwa makazi: nimedharauliwa hadharani, na nitasema

Shamba_la_Bondeni: Ndugu zangu, ninaandika haya hasira ikiwa bado mbichi, kwa hiyo mnivumilie. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja, maana hata mbuzi wa bondeni huitambua sauti yake. Leo ametundika ramani kubwa kama shuka, akaeleza jinsi eneo letu la kilimo litakavyokuwa eneo la makazi, akazungumza hadi waliokuja na watoto wachanga wakakaribia kurudi nao wakiwa watu wazima, kisha akasema anapokea maswali. Nikasimama. Niliuliza kwa adabu kwamba, ikiwa kila kiwanja kitakuwa mita 20 kwa 20, na huku hatuna bomba la maji wala mfumo wa majitaka, kisima kitachimbwa wapi na shimo la choo litachimbwa wapi, ilhali tunashauriwa kuviachanisha angalau mita 30, na kiwanja hicho kutoka pembe hadi pembe hakifiki hata mita 29. Akanitazama, akafunika kalamu yake, akaugeukia ukumbi na kusema: "Kuna swali lingine, la maana safari hii?" Watu wakacheka! Alifunika kalamu, ndugu zangu. Aliyenitangulia aliuliza kama viti vitaongezwa, na hilo likaandikwa.

Mzee_wa_Kilimani: Pole sana. Nilikuwa nyuma yako na nilikiona kifuniko kikiingia. Mtu huyo akiulizwa njia ya kwenda kwake, atakujibu kwamba suala hilo limepelekwa kwa wataalamu.

Mpita_Njia: Pamoja na heshima zote, mleta uzi, swali lako lilikuwa na dibaji, sura tatu na kiambatisho. Mimi nilicheka kabla yake.

Shamba_la_Bondeni: Urefu wa swali hauhalalishi kufunika kalamu. Angeweza kujifanya anaandika, hata kama angechora kuku.

Mama_Wanne: Mimi ninaunga mkono mabadiliko, na nimechoka kuonekana msaliti. Nina watoto wanne na shamba moja ambalo, kwa masharti ya sasa, halikatwi vipande vidogo, kwa hiyo mmoja atajenga na watatu watamwangalia akijenga. Wanaopinga kwa sauti kubwa zaidi ni wale ambao watoto wao walikwisha kujenga.

Mzee_wa_Kilimani: Dada, hakuna anayewanyima watoto wako nyumba. Lakini ekari moja ni mita za mraba 4,047, naye ametuahidi viwanja 10 vya mita za mraba 400 kwa kila ekari. Zinabaki mita 47. Barabara itapita hapo, au tutarushiana mizigo juu ya kuta?

Mama_Wanne: Barabara hata leo haipo, mzee, na mmeishi.

Shamba_la_Bondeni: Hayo yote yangejibika kama kalamu ingekuwa wazi.

Jirani_wa_Mfereji: Wakati mnaomboleza kalamu, mimi ninaomba kujua ni nani aliyelisogeza jiwe la mpaka wangu upande wa mfereji. Tangu habari za viwanja zianze, mawe ya eneo hili yameota miguu, na langu limetembea kuelekea kwangu, si kuelekea kwa jirani.

Uzio_Mpya: Kwa kuwa jirani wa upande huo ni mimi, ninajibu. Jiwe lako halijasogea. Ni wewe uliyezoea kulima kwangu kwa miaka mingi, na sasa uzio umekuonyesha ukweli.

Mpita_Njia: Sasa uzi umeanza kuwa na maana.

Shamba_la_Bondeni: Ninaomba turudi kwenye hoja. Alifunika kalamu mbele ya ukumbi mzima.

Jirani_wa_Mfereji: Mleta uzi, subiri kidogo. Uzio_Mpya, ule mwembe umekuwa wako tangu lini?

Uzio_Mpya: Tangu ulipokuwa upande wangu wa jiwe. Ukiona umeonewa, mlete mpima ardhi.

Jirani_wa_Mfereji: Nitamleta, nawe utalipa nusu.

Uzio_Mpya: Nusu ya nini? Mimi sina shaka na mpaka wangu. Mwenye shaka ndiye alipe.

Mama_Wanne: Akija, naomba apitie na kwangu.