Kupanga kwa miaka picha za mabasi ya Lubumbashi–Kolwezi

Msafiri wa Kenya, Lubumbashi

Ndugu zangu, salamu kwenu. Ninakusanya picha za kampuni moja ya hapa mjini inayopeleka abiria Likasi na Kolwezi, na ninataka kuzipanga kwa mfuatano wa miaka wakati wazee walioendesha magari hayo wangali hai. Nyingi hazina tarehe. Katika baadhi yake basi ni jeupe, lina mistari ya kijani na nyekundu na msalaba wa shaba ubavuni; katika nyingine ni la buluu tupu; katika nyingine ni jeupe lenye jina kubwa la kubandikwa. Je, inatosha kufuata rangi na kuhesabu kila rangi kuwa kipindi chake?

Fundi wa Katuba

Ndugu Msafiri, haitoshi. Kampuni ikichagua rangi mpya haipaki magari yote kwa wakati mmoja. Kila gari husubiri siku litakapoingia gereji kunyooshwa bati, kwa hiyo rangi mbili hutembea pamoja barabarani kwa muda mrefu.

Anza na gari lenyewe. Toyota Coaster ilianza kutengenezwa mwaka 1969, lakini ile yenye umbo la mviringo tuliyoizoea ni ya miaka ya 1990, na picha yake haiwezi kuwa ya zamani kuliko hapo hata kama rangi zake ni za kikale. Kisha tazama mlango. Sisi hapa Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara na Zambia upande wa kushoto. Gari lililotoka Japani, au lililonunuliwa Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, huja na mlango kushoto, na abiria wake hushukia upande magari yanakopita, jambo ambalo halijawahi kunipendeza. Fundi akiziba mlango huo na kukata mwingine kulia, mshono wa kuchomelea huonekana chini ya rangi, umenyooka kutoka dirishani hadi chini. Gari lile lile likiwa na mshono katika picha moja na halina katika nyingine, umeshajua ipi ilitangulia.

Mama wa Ruashi

Mwanangu, usisahau matangazo ya simu kwenye kioo cha nyuma. Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, na Airtel ilichukua nafasi ya Zain baada ya mauzo ya mwaka 2010. Tigo nayo ilinunuliwa na Orange mwaka 2016. Ila tangazo linakuonyesha tu mwaka ambao picha haiwezi kuutangulia, kwa kuwa karatasi ya Celtel iliweza kubaki kiooni miaka mingi baada ya jina lenyewe kufa.

Msafiri wa Kenya, Lubumbashi

Asante Mama, asante Fundi. Basi moja la buluu lina tangazo la Zain, kwa hiyo nitaliweka kuanzia 2008. Lile la msalaba wa shaba lina Celtel na mlango kushoto, na bado sijui kama lilitangulia la buluu.

Fundi wa Katuba

Kama gari lolote kati ya hayo lingalipo, omba kufunguliwa mlango wa mizigo na upige picha ukingo wake wa ndani. Wapaka rangi wengi hawafiki huko, na rangi ya zamani hubaki ilivyokuwa.