Mrejesho: zile picha zangu za pua

Wakuu nimerudi. Mtakumbuka niliuliza nifanyeje, kliniki iliyonifanyia upasuaji wa pua imeposti picha zangu za kabla na baada, macho wameyaziba na kimstari cheusi lakini lile kovu langu la kidevuni liko peupe, hadi shemeji akanitambua, na nilikuwa nimewaambia watu nimeenda likizo 😅

Nilifuata ushauri wenu nikaomba kopi ya fomu niliyosaini. Kumbe ruhusa ya picha imechomekwa humohumo kwenye ridhaa ya upasuaji, maandishi madogo kama chawa, na siku ile nishavaa gauni la theatre nani angesoma? Nikawaandikia barua kwamba nafuta ruhusa ya matangazo, ila zilizo kwenye faili zibaki maana hizo ni rekodi ya matibabu, daktari anazihitaji nikipata shida baadaye. Mapokezi walinizungusha, daktari mwenyewe alipoisoma barua, posti ikafutwa siku hiyohiyo. Walioskrinishoti ndo hivyo tena, hapo sina la kufanya.

Jumatatu naenda kucheki uvimbe, na simu ya nesi sitaki kuiona karibu na uso wangu.