Kila kazi ni "Lazima": mnapangaje kipaumbele?

Swali
Habari wadau. Orodha yetu ina kazi 140, timu ni watu 5, sprinti (mzunguko mmoja wa kazi) ya wiki 2. Tunatumia MoSCoW (kugawa kazi mafungu manne: Lazima, Inafaa, Ikiwezekana, Si sasa), ila zaidi ya nusu ziko fungu la Lazima na wateja hawakubali kushusha hata moja. Nihamie WSJF (kupanga kazi kwa alama: faida yake ikigawanywa kwa ukubwa wake)?

Jibu 1
Mkuu, usikimbilie kuhama. MoSCoW hupimwa kwa nguvu kazi ya toleo lenye tarehe, si kwa idadi ya kazi. Lazima zisizidi 60%: toleo likiwa na pointi 40 za nguvu kazi, ziishie 24. Bila tarehe, nani atakubali yake ishushwe? Waulize: hii ikikosekana, toleo litatoka? Kukiwa na njia mbadala, hata kujaza Excel kwa mkono, si Lazima.

Jibu 2
Zikishachujwa, WSJF inasaidia kuzipanga foleni. Chukua 10 hadi 15 za juu tu. Kuzipa alama zote 140 ni kupoteza siku. Jumlisha thamani, uharaka na upunguzaji wa hatari, kisha gawa kwa ukubwa. Jaza safu moja moja: iliyo ndogo kuliko zote ipate 1, nyingine zilinganishwe nayo kwa 2, 3, 5, 8, 13.

Malipo ya simu: (8+5+2)/8 = 1.9
Ripoti ya PDF: (3+1+1)/2 = 2.5
Cheti cha usalama kinachokaribia kuisha: (1+13+8)/1 = 22

Cheti hakina ubishi. PDF kutangulia malipo ndiko kutakakomchefua bosi, basi mpe hesabu ya hasara ya kuchelewa (ukubwa wa iliyotangulia × jumla ya alama za inayosubiri): ukianza PDF, malipo yanachelewa 2 × 15 = 30. Ukianza malipo, PDF inachelewa 8 × 5 = 40.

Muulizaji
Na ukubwa ukikadiriwa vibaya?

Jibu 3
Ndipo wengi wanapoumia. PDF ikigeuka kuwa 5, alama inashuka hadi 1 na malipo yanapita. Kazi yenye mashaka itengee siku 1 ya uchunguzi kwanza. Halafu 1.9 na 2.5 zimekaribiana mno. Ukiwa na sababu nzuri ya kuanza malipo, anza. WSJF pia haioni utegemezi: kazi yenye alama kubwa inaweza kuwa inasubiri iliyo chini, kwa hiyo chora mishale ya ipi inasubiri ipi kabla ya kupanga. Na alama hazidumu. Cheti hicho hicho miezi 6 nyuma kingepata 1 ya uharaka, hivyo rudieni safu hiyo kila mnapopanga sprinti.