Kihisi mwendo kinaliza king'ora usiku bila mtu

Wakuu, kihisi cha sebuleni kinaliza king'ora usiku wa manane na hakuna anayetembea. Betri ni mpya. Kinatazama dirisha lenye pazia, chini yake kuna hita. Shida nini?

— Hita na pazia hilo hilo! Kihisi cha infraredi hufuatilia mabadiliko ya joto. Hewa moto ikipeperusha pazia, kwake ni mtu. Kihamishie kwenye kona, mita 2 hivi kutoka sakafuni, kipe dirisha mgongo. Mtu akatize mbele yake, maana anayekijia moja kwa moja hakioni vizuri.

— Ukijaribu usikimbilie kusema kimekufa. Vingi vya betri hulala dakika kadhaa baada ya kunasa mwendo. Toka chumbani, subiri, ndipo urudi.

— Nimekihamisha, kimetulia. Asanteni mno. Na paka je?