Hilux 5L: kung'oa boksi la ea klina na kufunga filta ya wazi, kuna faida?

Mpakia Dagaa
Wakuu, habari za mihangaiko. Nina Hilux pikapu, injini 5L ya dizeli, haina tabo. Niliinunua Dar. Sasa inabeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwenda Geita, na mara nyingi naingia ndani mpaka Nyarugusu kwenye machimbo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 sisubiri tena kivuko, kwa hiyo safari zimeongezeka.

Shida ni milima. Ikiwa na mzigo inakata pumzi na kutoa moshi mweusi. Fundi mmoja huku Nyakato anasema injini inakosa hewa, dawa yake ni kutoa boksi lote la ea klina, kufunga bomba la alumini na filta ya pamba ya wazi, ile ya umbo la koni. Anataka laki mbili na nusu, anadai nguvu itaongezeka na mafuta yatapungua. Aliyewahi kufunga anisaidie.

Kijana wa Buzuruga
Mimi nilifunga kwenye gari ya petroli. Ukikanyaga mlio ni mtamu kweli. Nguvu sijaiona, na kituo cha mafuta naenda vilevile.

Dizeli Igoma
Mkuu, usifunge. Kazi yangu ni injini za dizeli, na jambo hili linaniuma kwa sababu nafungua injini nyingi ambazo hazikufa kwa uzee, zimekufa kwa vumbi.

Fundi wako amepatia nusu. Moshi mweusi maana yake dizeli inayoingia ni nyingi kuliko hewa ya kuiunguza. Lakini hewa imepungukia wapi? Hiyo gari imetoka usawa wa bahari. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia 10. 5L haina tabo ya kuisukumia hewa, inavuta inachokikuta. Kama pampu ya dizeli ilisetiwa Dar na haina kifaa cha kupunguza mafuta kufuata mwinuko, inamwaga dizeli ileile kwenye hewa pungufu. Hakuna filta itakayokurudishia hiyo hewa. Hilo ni la fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, na nozeli zinazopulizia dizeli azitazame hapohapo.

Halafu fungua boneti, ufuate mdomo wa boksi lako kwa mkono. Utaona unaishia pembeni kwenye madigadi, mbali na joto la injini. Waliotengeneza waliuweka pale makusudi. Filta ya wazi ikikaa chini ya boneti inavuta hewa iliyopita kwenye rejeta na ekzosi. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 30 zaidi, inakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 9. Na joto hilo linakuwa baya zaidi gari ikitambaa mlimani na mzigo, yaani palepale unapolalamikia.

Vumbi sasa. Injini yako ikizunguka mara 4,000 kwa dakika inavuta kama lita 5,000 za hewa kila dakika. Nyuma ya lori kwenye barabara za machimbo, fikiria hewa hiyo ina nini ndani yake. Vumbi lile likipenya linakaa kati ya ringi na silinda na kusaga kama msasa. Kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, inashuka, asubuhi unapiga stata mpaka betri inachoka, oili inapungua, ukifungua kizibo cha oili injini inapumua moshi. Filta ya karatasi kadiri inavyoshika vumbi ndivyo inavyochuja vizuri zaidi, mpaka izibe, ndipo unabadilisha. Ya pamba lazima ioshwe na ipakwe mafuta yake kwa kipimo. Kwa ratiba ya dagaa, nani atafanya hivyo kila wiki?

Leo fanya hivi. Toa filta, weka tochi ya simu upande mmoja na utazame upande wa pili. Ukiona hata kitobo kimoja cha mwanga, itupe. Kisha pitisha kitambaa cheupe ndani ya mpira unaotoka kwenye boksi kwenda injini. Kikitoka na unga mwekundu, vumbi linapita.

Mpakia Dagaa
Asante sana kaka. Nimefungua jioni. Filta imepulizwa na kompresa mpaka karatasi imechanika kwenye mikunjo, mwanga unaonekana sehemu tatu. Mpira haukuwa na klempu, umefungwa kwa waya, na kitambaa kimetoka chekundu. Nimeshanunua filta mpya na klempu za skrubu. Na snokeli je, lile bomba la kuvutia hewa juu usawa wa paa, kwa njia yangu ya Nyarugusu?

Mzee wa Sengerema
Ninayo kwenye Hilux Vigo ya 2.5. Nguvu haijaongeza. Faida yake ni kwamba mdomo uko usawa wa paa, na vumbi zito la gari la mbele linatembea chini. Filta yangu inachelewa kuchafuka, hilo naliona kabisa. Ila maungio yote yazibwe vizuri, hasa pale inapoingia kwenye madigadi. Ikivuja pale, vumbi na maji vinaingia palepale ulipotaka kuvizuia. Na usiku vile vijidudu vya ziwani vikitanda barabarani, geuza kichwa chake kitazame nyuma, la sivyo vinajaa humo.

Dizeli Igoma
Naungana na Mzee, snokeli ni ya vumbi na maji. Ila kwako isubiri. Kwa kuwa vumbi limeshapita, pima kompresheni kabla ya kugusa pampu. Ikiwa imeshuka, ukipunguza dizeli gari itazidi tu kukosa nguvu mlimani na moshi hautaisha. Pima injini ikiwa ya moto, filta mpya ikiwa imefungwa, kisha uandike hapa namba za silinda zote nne tuzitazame.