Wakuu, nyuzi zipi zinafaa gitaa kavu la nyuzi 12? Nipo Mikindani, nina siku nne tu

Mwambao88 (mleta mada)
Habari za jioni wanajamvi. Nina gitaa kavu la nyuzi 12. Nyuzi zimeshika kutu, ukipitisha vidole vinatoka vyekundu kama umeshika msumari wa zamani. Jumamosi napiga kwenye harusi ya binamu yangu, kanisani mpaka ukumbini. Naona kuna namba 9, namba 10, namba 12, kuna za shaba, kuna zilizopakwa plastiki. Zipi zinafaa? Gitaa lenyewe ni zima kabisa, halina shida yoyote. Naomba majibu ya kitaalamu, utani tuuweke kando kwa leo.

MlaKorosho
Uzi wa nyuzi. Nakaa hapa na bakuli langu, ngoja waje wajuzi.

BabaDorika
Gitaa la nyuzi 12 la nini harusini? Siku hizi DJ anamaliza kila kitu. Mimi 2009 kule Newala nilileta bendi nzima, jenereta likazima saa tatu usiku, wapigaji wakadai hela yao na pilau juu. Mpaka leo mama Dorika akinuna ananikumbushia lile jenereta. Chukua DJ.

Mwambao88
Mkuu sijauliza habari za DJ.

FundiMpingo
Bwana mdogo, tuanze na namba. Namba ya pakiti ni unene wa uzi wa kwanza, ule mwembamba wa chini, kwa vipande vya elfu moja vya inchi. Pakiti ya 10 ya nyuzi 12 inaanzia 10 inaishia 47 hivi. Ya 9 inaishia 45 au 46. Gitaa la umri wowote wa kutia shaka, vaa 9.

Nyuzi 12 hukaa kwa jozi sita. Jozi mbili za chini, E na B, ni pacha wa sauti moja. Jozi nne zilizobaki, kila uzi mnene una mdogo wake aliyepanda oktava, yaani noti ileile ila ya juu zaidi. Huyo mdogo wa G ndiye mwembamba kuliko wote, 8 au 9, na analia juu hata kumpita uzi wa kwanza. Ndiye anayekatika kila mara, kwa hiyo uwe naye wa akiba mfukoni.

Aina sasa. Za shaba 80 na zinki 20 zinang'aa sana wiki ya kwanza, kisha zinazima. Bronzi ya fosfa ina sauti nzito kidogo na inavumilia zaidi. Kwa chumvi ya hapo Mikindani, na kama kidole chako kina jasho kali, zilizopakwa ndizo zitakazokufikisha Krismasi, ila bei yake imesimama.

Swali moja tu: daraja, kile kipande cha mbao kifuani mwa gitaa kinachoshika nyuzi, limekaaje?

Mwambao88
Shukrani mzee wangu. Daraja lipo.

MlaKorosho
"Daraja lipo." Hahaha, huyu ni msemaji wa halmashauri.

Pweza_Mkavu
Sisi wavuvi tunafunga mshipi. Mjomba wangu pale Msangamkuu amefunga mshipi namba 60 kwenye gitaa lake miaka yote, anapiga na watu wanacheza. Usitapeliwe na mambo ya bronzi.

BinTandahimba
Kaka, "lipo" ndiyo nini? Umeulizwa limekaaje. Na kwa nini umetaja namba 12? Hiyo kwa kawaida ni pakiti ya gitaa la nyuzi sita. Kuna kitu hujasema.

Mwambao88
Dada yangu, kusema kweli nimeshalipia. Pakiti mbili za nyuzi sita, 12 mpaka 53, zinapanda basi la asubuhi pale Mbagala. Dukani Kariakoo pakiti ya nyuzi 12 waliniambia ni ya kuagiza na bei ilikuwa mara tatu. Nikapiga hesabu, sita na sita ni kumi na mbili. Zote nitazifunga pacha, sauti moja juu mpaka chini. Sioni tatizo, uzi ni uzi. Nilitaka tu mnithibitishie.

FundiMpingo
Hesabu yako ya nyuzi iko sawa, ya kilo ndiyo mbovu. Pakiti moja ya 12 kwenye gitaa la nyuzi sita inavuta kilo 70 na kitu. Mbili ni 140 na ushee. Gitaa la nyuzi 12 likiwa na pakiti yake ya 10 linabeba 110 hivi, na hapo tayari linaugulia. Hizo 30 za ziada, nani atazishika?

Pili, ukifunga zote pacha umeua gitaa. Utamu wake uko kwenye zile oktava: bezi na soprano wanaimba mstari uleule kwa wakati mmoja. Ukiweka mabezi mawili mawili, utapata ngurumo. Na ukisema basi uzi wa 12 niukaze mpaka ufike kwa mdogo wa G, vaa miwani kwanza.

Mzee_wa_Solo
Mnanikumbusha mbali. Miaka ya themanini nikipiga ridhimu Masasi, nyuzi hazikuwepo madukani, kabisa. Tulikuwa tunanunua waya wa breki ya baiskeli, unaufumua, kila unyuzi mmoja unakuwa uzi wa gitaa. Vidole vilikuwa vinachanika, unapaka mafuta ya taa, unarudi jukwaani. Gitaa langu la Galatoni lilikuwa na shimo la risasi ubavuni, sijui lilitoka vita gani. Mwenye bendi alikuwa anatukata mshahara uzi ukikatika katikati ya wimbo, kwa hiyo ukikatika unaendelea na tano zilizobaki na uso unacheka.

Zile zenye kutu, kijana, zichemshe. Sufuria, maji, dakika kumi, anika. Zinarudi kwa siku mbili tatu.

BinTandahimba
Shikamoo mzee. Kuchemsha kunatoa mafuta ya vidole, kutu hakuondoi.

Mzee_wa_Solo
Marahaba. Siku mbili tatu zinamtosha, harusi ni Jumamosi.

FundiMpingo
Narudia. Daraja limekaaje? Chukua kadi ya vocha, ijaribu nyuma ya daraja, upande ule wa mbali na tundu.

Mwambao88
Inaingia.

FundiMpingo
Mpaka wapi?

Mwambao88
Upande wa nyuzi nene inaingia mpaka inagusa pini zinazobana nyuzi. Upande wa nyembamba haiingii. Lakini nililishughulikia, nilitia supaglu Jumapili nikaweka tofali juu usiku kucha. Lilishika vizuri. Na kitu kingine, naomba msianze kunishambulia, gitaa si langu. Ni la kigango. Mwalimu wa kwaya amekwenda Nachingwea kwenye msiba, funguo za stoo anaziacha kwangu. Anarudi Jumapili. Sikuliiba, nimeliazima, na nikilirudisha na nyuzi mpya si ni faida kwa kwaya?

BabaDorika
Nguo ya kuazima haisitiri matako. Ungechukua DJ.

Mama_Ibada
Mwanangu, kitu kilichowekwa kwa ajili ya ibada unakipeleka ukumbini kwenye pombe, unakitia supaglu, halafu unaita faida? Mpigie simu mwalimu wako leo hii. Yupo msibani, mpe pole kwanza, kisha mwambie.

Mwambao88
Mama shikamoo. Nimesikia, ila mwalimu ni mkali. Nikimwambia leo harusi inanifia mkononi. Nikimwambia Jumapili gitaa likiwa linalia vizuri ni habari nyingine.

Chakaza
Wakuu nawaharibia starehe. Hii ni chai, tena imeungua. Moja, nipo Mtwara toka kabla ya bomba la gesi na sijawahi kuona gitaa la nyuzi 12 kwenye kigango chochote. Mbili, mleta mada amejiunga juzi. Tatu, mwanzo "gitaa ni zima kabisa", sasa daraja limeng'oka, gitaa la kanisa, mwalimu msibani. Kesho tutaambiwa bibi harusi ni mke wa mwalimu. Weka picha.

MlaKorosho
Picha! Picha! Korosho zinaisha.

Mwambao88
Picha siweki. Mtoto wa mwalimu yumo humu humu, analijua lile gitaa, lina stika ya samaki karibu na tundu.

Chakaza
Oo, na stika ya samaki. Sukari imezidi sasa.

Pweza_Mkavu
Samaki gani?

BinTandahimba
Mimi nilikuwa nakubaliana na Chakaza, ila mleta mada alitaja kadi kugusa pini upande mmoja tu. Mtu wa kutunga angesema daraja lote limeng'oka. Kaka, jana ulipokaza ulisikia chochote?

Mwambao88
Nilizikaza hizi za kutu kujaribu gundi. Zilipokaribia sauti yake nikasikia "tik". Nikasubiri. Halafu "tik" nyingine. Nikasema ni mbao inajinyoosha. Na ubao wa mbele, nyuma ya daraja, umetuna kama chapati ikiiva. Nikiangalia kwa ubavu naona kivuli.

FundiMpingo
Chakaza, mimi nimebandika madaraja mengi kuliko harusi nilizokula. Hiyo "tik" haitungwi. Ni gundi inaachia nyuzinyuzi moja moja.

Mwambao, nyuzi ziko kwenye sauti sasa hivi, ninavyoandika?

Mwambao88
Ndiyo. Limeegemea ukutani.

FundiMpingo
Acha simu. Nenda kalegeze. Usizilegeze upande mmoja ukamaliza ndipo uende mwingine. Zungusha kila funguo mizunguko miwili, rudi mwanzo, tena. Zote ziwe zinaning'inia.

Mzee_wa_Solo
Na usilikalie karibu na uso. Daraja la mwenzangu liliwahi kuruka pale Nachingwea, likamkosa mpiga bezi sikioni. Akaacha muziki, sasa ana mashine ya kukoboa.

Mwambao88
Nimelegeza. Mikono inatetemeka. Kadi sasa haiingii hadi kwenye pini, inaishia nusu.

FundiMpingo
Vizuri, ubao bado haujapasuka. Supaglu hiyo itabidi ikwanguliwe yote mpaka mbao ionekane, maana gundi ya mbao haishiki juu yake. Kisha jiwe na vibano, siku moja nzima bila kuguswa. Likipona lisifungwe namba 12 maisha yake yote. Namba 9, na lishushwe sauti nzima: E iwe D, unafunga kapo, kile kibano cha shingoni kinachopandisha sauti, fireti ya pili unapotaka kuimba na wenzako. Lead Belly, mpiga gitaa la nyuzi 12 wa Marekani aliyefariki 1949, alilishusha la kwake mbali zaidi na hakuna aliyemdai.

Mimi nipo Lindi. Ijumaa nashuka Mtwara kuchukua magogo ya mpingo, nitapita Mikindani saa nne. Kwa Jumamosi lisahau.

Mama_Ibada
Na simu kwa mwalimu?

Mwambao88
Nimempigia mama. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Akaniuliza, "Ulitia supaglu gani?" Nikamtajia. Akasema hata yeye ndiyo aliyotia mwaka jana.

MlaKorosho
Hahahahaha jamani.

Chakaza
Sawa. Chai nimeinywa. Harusi je?

Mwambao88
Binamu ameazima kinanda. BabaDorika usiseme neno.

BabaDorika
Sijasema.

Mwambao88
Basi limefika, pakiti ziko mkononi. Mbili, 12 mpaka 53, hazijafunguliwa. Kuna mwenye gitaa la nyuzi sita?

Pweza_Mkavu
Mjomba anauliza bei.